Yangeyange wa Thelathini na Mbili

Wengi wakisimulia mambo haya husema yalimpata jirani wa shangazi. Mimi sina jirani wa kumsingizia. Yalinipata mwenyewe, fundi friji, Jumamosi saa moja na nusu asubuhi, jua linawaka, nimeshiba na nina akili zangu timamu.

Rafiki yangu alikuwa fundi cherehani. Tulimwita Msumari kwa sababu neno likishamwingia kichwani, kulitoa lazima uvunje ubao. Miaka kumi na mmoja, kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, tulishuka pwani kuhesabu ndege maji yakishakupwa. Hakuna aliyetutuma. Mimi ndege niliwajua kwa kitabu kilichong'oka jalada na kwa macho yangu, na yeye nikamfundisha.

Utaratibu wetu ulikuwa mmoja tu. Kila mtu anahesabu kimya kimya kwa darubini yake, kisha tunatamka idadi kwa pamoja. Zikilingana, naandika. Zisipolingana, tunarudia, hata mara kumi. Daftari langu halikuwa na ndege hata mmoja wa kubahatisha, na nilijivunia hilo kuliko watu wanavyojivunia magari.

Siku hiyo alichelewa dakika arobaini, akaja na viatu vya harusini.

"Viatu gani hivi vya kujia kwenye matope?"

"Vile vingine mke wangu kavificha. Anataka saa nne niwe nyumbani, nimfungie pazia."

"Basi ungebaki hukohuko na pazia lako!"

Akacheka. Tukakaa juu ya ukuta wa mawe. Mbele yetu matope yalikuwa yanang'aa, na yangeyange wametapakaa, weupe kama mashuka yaliyoanikwa. Tukahesabu.

"Thelathini na moja," nikasema.

"Thelathini na mbili," akasema yeye, kwa mkupuo huohuo.

Tukarudia. Thelathini na moja, thelathini na mbili. Tukarudia tena. Hakuna ndege aliyeruka, hakuna aliyetua. Mara ya sita shingo ilikuwa inaniungua na damu inanichemka.

"Unahesabu na vivuli?"

"Ndugu yangu, huyo wa pembeni humwoni? Mrefu. Kasimama kwa mguu mmoja."

"Pale pana matope matupu."

"Basi una mtoto wa jicho. Kamwone daktari."

Nikamnyang'anya darubini yake, nikatazama. Matope. Nikamrudishia kwa nguvu hata ikamgonga kidevu. Tukahesabu mara ya nane. Ya tisa. Hakuwa anacheka tena.

"Anatuangalia," akanong'ona. "Hivi kuna yangeyange anayekutazama usoni, kwa macho yote mawili?"

Hapo ndipo nilipokosea. Sikuwa na hofu. Nilikuwa na hasira, na hasira kwangu haijawahi kubisha hodi. "Haya, umeshinda! Yupo! Uridhike!" Nikaandika: yangeyange thelathini na mbili. Uongo wa kwanza katika daftari lile.

Msumari akatazama tena. Akashusha darubini, akaipangusa kwa shati, akatazama tena.

"Ajabu," akasema. "Simwoni tena."

Mimi nikamwona.

Alikuwa mrefu. Mweupe. Kasimama kwa mguu mmoja, na wale wengine wamemwachia uwanja mpana. Ndege mguu wake hukunjika kwenda nyuma, hilo hata mtoto analijua. Mguu ule uliokunjwa ulikuwa umekunjika mbele. Kama wa mtu.

Nikapepesa macho. Amesogea. Hakupiga hatua, ila amesogea.

"Msumari. Twende."

"Twende wapi? Sasa na mimi naona thelathini na moja. Ulikuwa sahihi toka mwanzo. Futa hapo, mzee wa haki. Umeandika uongo."

Nikaona kweli. Nimemleta kwa kalamu, nimwondoe kwa kalamu. Nikainama. Nikakata "mbili" kwa mstari mmoja. Juu yake nikaandika "moja". Nikainua macho.

Hayupo. Matope, na ndege thelathini na mmoja.

"Kaondoka," nikasema. Nikashusha pumzi. "Umesikia? Kaondoka."

Nikageuka. Ukutani nilikuwa peke yangu.

Nikaita. Nikaita tena, kwa jina lake halisi. Ndege hawakushtuka. Hakuna hata mmoja aliyeinua shingo.

Nyayo zilianzia chini ya ukuta, za viatu vya harusini, moja kwa moja hadi pale alipokuwa amesimama yule. Nilizihesabu. Arobaini na sita. Hatua arobaini na sita, kwa muda wa kukata neno moja! Mwishoni unyayo wa kulia haukuwepo. Palikuwa na shimo moja tu, la mguu wa kushoto, limezama hadi goti, kama la mtu aliyesimama hapo siku nyingi.

Watu walimtafuta hadi jioni. Askari aliniuliza mara tatu kama kweli tulikuwa wawili. Mara ya tatu nilimfokea, na kwa hilo nililala ndani.

Wiki ya tatu sasa. Nyayo zote zilifutika siku ileile maji yalipojaa. Shimo halijafutika. Maji hulifunika mara mbili kwa siku, na matope hayaingii.

Jana mke wa Msumari alitaka nimpeleke kwenye lile shimo. Nikampeleka, na njiani nikamweleza yote, pamoja na ule mstari. Sijui kuficha.

"Kwa hiyo ungeuacha uongo wako, shemeji, mume wangu angerudi nyumbani?"

"Sijui."

"Hujui! Miaka yote mnajua idadi ya ndege, mtu mmoja hujui!"

Tulifika pale maji yakiwa ndiyo kwanza yanaondoka, ya baridi, yanauma vidole. Akapiga magoti. Akakunja mkono wa gauni, akauingiza shimoni hadi kwenye kiwiko. Akatulia hivyo, bila kupumua.

Kisha akaniangalia.

"Shemeji," akanong'ona, "mna joto humu. Kama kiatu kilichovuliwa sasa hivi."