Picha Iliyoegemezwa Mugumo

Asubuhi Safiya alifagia majani mabichi chini ya picha ya mugumo, na kufikia saa nne yalikuwa yamedondoka mengine. Dirisha lilikuwa limefungwa.

"Umeleta tawi ndani?" alimuuliza mumewe.

Abdilatif hakuleta kitu. Huyu ni mtu wa Pate, mchoraji aliyejifundisha mwenyewe, aliyekiacha kisiwa chao miaka mitatu nyuma akapanda mpaka Kibugu, huko Embu, kufuata miti, akaipenda mpaka watu wakamcheka. Njagi, mkulima wa chai, ndiye aliyempa nyumba na kumwita ndugu. Ndiye pia aliyemwomba amchoree mugumo wa shambani, mti mkubwa wa matambiko ya Waembu, akataka ubao wa picha uegemezwe kwenye mti ule kutwa nzima, eti rangi ikauke vizuri, halafu akamwambia akae nayo. Mteja gani huyo asiyetaka picha yake? Lakini Abdilatif alifurahi, maskini.

Adhuhuri harufu ya utomvu ilijaa chumba, na nyuma ya ubao wazee wengi wakawa wanasemezana kwa Kiembu, taratibu, na Abdilatif aliposogeza sikio alihisi pumzi ya baridi ikimpuliza shingoni kutoka pale pale alipokuwa amepaka kivuli cha mti kwa mkono wake mwenyewe.

Alitoka mbio hadi kwa Njagi. Mugumo haukuwepo. Kilibaki kisiki kinachovuja, na miche ya chai pembeni.

"Usinikasirikie, Abdi," Njagi alisema chini chini, macho ardhini. "Mti kama huo haukatwi hivi hivi. Wenyewe, mizimu yake, wanahamishwa kwanza. Unaegemeza fimbo, wanaingia, unawapeleka kwenye mti mwingine. Nilizunguka kwa majirani, wote wakakataa kuwapokea kwenye miti yao."

"Ukawaleta kwangu."

"Wewe ni mtu wa kuja. Siku moja mtaenda zenu."

"Nilikuamini kuliko ndugu wa tumbo moja, Njagi. Wanatokaje?"

"Wanahamia chochote chenye uhai kitakachoegemea ubao huo."

Abdilatif alikimbia mpaka kifua kikamwaka. Mlango ulikuwa wazi. Safiya alikuwa ameishusha picha ili afute ukuta, akachoka, akaketi sakafuni na kuuegemeza mgongo kwenye ubao. Ubao ulikuwa mweupe, hauna mti.

Safiya alikuwa amefika bara mwezi uliopita, hajui hata salamu ya Kiembu. Alimtazama mumewe kwa upole, akafungua kinywa, na sauti ya mzee ikasema kwa Kiembu safi:

"Njagi alituambia hapa tutakaribishwa."