Kurasa Kumi na Sita za Fundi Diski

Enyi wasomaji, tulizeni nyoyo, kwani mnakaribia kusoma kisa kizito kuliko visa vyote vya mapenzi vilivyowahi kutokea. Angalau nyumbani kwetu. Angalau wiki hii.

Dada yangu alikutana na Fundi Diski kwenye duka la vifaa vya kompyuta, siku ya punguzo la bei, watu wamebanana hadi mlangoni. Dada alivaa gauni la njano na raba. Kaka yule, shati lililopigwa pasi mbele tu. Wote wawili wakaikamata kadi ya memori ya mwisho, na hakuna aliyeachia. Walipofika kaunta walikuwa wanacheka. Sasa wanafanya kazi ofisi moja, wakiunda mfumo wa kuendeshea mashine za maabara. Dada anaandika sehemu inayozigawia programu memori, Fundi Diski sehemu inayohifadhi data kwenye diski. Wanaitana "mpenzi" hata wakisoma makosa ya kompyuta, jambo linalochosha sana.

Jumatatu mashine ya majaribio, iliyo sebuleni kwetu, ikaganda. Jumanne ikaganda tena. Memori ilikuwa imekwisha. Ili ipatikane nyingine, sehemu ya Dada iliitaka sehemu ya Fundi Diski ihamishie data diskini. Sehemu ya Fundi Diski ilikuwa tayari, ila kwanza ipewe memori kidogo ya kufanyia kazi hiyo. Ipi? Hiyo hiyo iliyokwisha. Zikakaa zinasubiriana.

Dada alimwambia kazi yake ni ya kilafi. Yeye akasema ya Dada ni ya kichoyo. Kufikia Jumatano hawakuwa wakizungumzia mashine tena, na Alhamisi kaka wa watu akaomba uhamisho kwenda tawi la mji mwingine. Mkuu wao angesaini Ijumaa saa sita mchana.

Saa sita kasorobo Dada akapiga simu, akaiweka spika ili aendelee kuchapa.

"Usikate."

"Sikati. Ila mkuu anatafuta kalamu."

"Sehemu yako isiombe memori tena. Nimeitengea kurasa kumi na sita za memori tangu mashine inapowashwa. Memori ikiisha kote, hizo zipo. Hata mimi siwezi kuzigusa."

"Kumi na sita tu, mpenzi?"

"Usianze."

Ikasikika sauti yake kwa mbali, akimwomba mkuu radhi na fomu yake.

Alasiri alikuwa sebuleni kwetu. Waliijaza memori ya mashine hadi pomoni; ikasuasua, ikaendelea. Akauliza kama wanaweza kuoana kabla ya toleo lijalo la mfumo. Dada akasema ndiyo, lakini anunue pasi inayofika mgongoni.

Kisha Fundi Diski akauliza swali ambalo ningependa asingeuliza: memori ilikuwa inaliwa na nani? Wakafungua orodha ya matukio ya mashine. Kulikuwa na programu ya mistari minne, inayoomba memori bila kukoma, iliyowekwa Jumapili na mtumiaji aitwaye "mdogo". Wakageuka wote kuutazama mlango niliokuwa nimejificha nyuma yake.

Naam, ni mimi. Nilitaka tu kuiona sura ya Dada Jumatatu asubuhi. Kosa la kusubiriana lilikuwa lao, mimi nililiamsha tu. Nimelisema hilo mara tatu na halijanisaidia. Alhamisi nilimwona Dada akila mkate mkavu huku analia, nikajua sababu, nikarudi chumbani kimya. Hilo bado sijamwambia.