Zamu ya Bi Pua

Mkanda wa mkoba ulikatika katikati ya msongamano, kwenye ujia wa maduka ambako hata nzi hupita kwa kuomba njia. Kioo kikaruka huku, kitana kule, chupa ndogo za manukato zikabingirika chini ya miguu ya watu. Mwenye mkoba, msichana aliyevaa gauni la rangi ya samawati na viatu vyeupe visivyofaa kabisa kwa sakafu ile, akapiga kelele: "Jamani msikanyage! Msikanyage!"

Wakakanyaga. Watu walikuwa na haraka zao.

Aliyeinama kumsaidia alikuwa kijana mrefu, shati limepigwa pasi likakubali, kucha zimekatwa hadi mwisho. Aliokota kilichookoteka, kisha akafanya jambo ambalo yule msichana hakuwahi kulishuhudia tangu azaliwe. Akauinua ule mkoba, akaunusa.

"We kaka! Una wazimu? Unanusaje mkoba wa mtu?"

"Samahani, dada. Waliokuuzia walikuambia ni ngozi?"

"Ngozi halisi!"

"Wamekuingiza mjini. Hii plastiki tupu. Ndiyo maana imekatika."

Msichana alisikia kinyaa mpaka mgongoni. Mtu asiyemjua kaweka pua yake pale anapoweka yeye mkono! Alitaka kumpa lake, lakini alipoupokea mkoba kwa ncha za vidole, alimkaribia, akanusa pia, maana na yeye hakuwa na nidhamu katika jambo hilo. Kijana alinukia limau. Si marashi ya limau ya kwenye chupa, ambayo aliyajua yote kwa majina, bali limau lenyewe, lililokatwa sasa hivi.

"Na wewe mbona unaninusa?" kijana akauliza, anacheka.

"Kazi yangu. Nauza manukato, duka lile la kona."

"Basi wewe ni Marashi. Mimi niite Fundi. Natengeneza ngozi."

Kwao hakuna aliyemwita Marashi. Kwao alikuwa Bi Pua, jina alilopewa angali mdogo kwa sababu ya kukataa maziwa, kukataa mayai, kukataa kubebwa na shangazi yake aliyekuwa akipaka mafuta ya mgongo. Dunia ilimchefua, basi. Taulo mbichi, sifongo ya kuoshea vyombo, kikombe cha mtu mwingine, yote yalimpandisha kichefuchefu. Lakini hakuna kilichomchefua kama Jumamosi.

Baba yake alikuwa mgawa barua mpaka alipostaafu, na kustaafu hakukumkalisha chini. Kila Jumamosi asubuhi aliikusanya familia yake kwenda kutembelea mahali fulani karibu na nyumbani. Si mbugani wala ufukweni, la. Karibu na nyumbani! "Ni aibu mtu kuishi mahali asipajue," angesema, huku anafunga kamba za viatu. Wakaenda kuona wanavyofyatua matofali. Wakaenda kuona mitambo ya umeme nyuma ya soko, wakatazama waya kama watu waliopotelewa na kitu. Siku moja wakasimama kando ya mfereji wa maji machafu kuangalia unakoelekea, Mama akiwamiminia chai kutoka kwenye chupa. Chai! Mbele ya mfereji!

Na Jumamosi hizo zilikuwa na sheria. Walipokezana zamu. Mwenye zamu ndiye anayechagua pa kwenda, ndiye anayetangulia, na wakifika ndiye anayewatambulisha wote kwa wenyeji, mmoja mmoja. Zamu ilikuwa ya wanafamilia tu. Shemeji yake, alipokuwa bado anamchumbia dada yake mkubwa, alitembea nyuma kabisa akibeba chupa ya chai mwezi baada ya mwezi. Siku Baba alipomwambia, "Wiki ijayo zamu yako," mtu mzima yule alitoa machozi. Harusi ilikuja baadaye, kama kukamilisha taratibu tu.

Mambo haya yote Marashi hakumwambia Fundi hata neno. Angeanzia wapi?

"Jumamosi tuonane basi," Fundi alimwambia kwenye simu, mapenzi yalipokwisha kukolea.

"Jumamosi niko kazini, mpenzi."

"Kila Jumamosi?"

"Kila Jumamosi. Bosi wetu hana huruma. Kwani wewe huwa hufanyi kazi?"

"Nafanya mpaka mchana. Ila kwa ajili yako ningetoroka."

"Usitoroke, wakikufukuza utaninunulia mkoba kwa pesa gani?"

"Sikununulii. Nakutengenezea. Utauvaa mpaka uzeeke, na ukizeeka utauacha kwa wajukuu zetu."

"Wajukuu zetu! Haya, umeshafika huko?"

"Nimefika zamani. Nakusubiri wewe tu, Marashi wangu."

Akacheka mpaka dada yake akagonga ukuta. Walionana siku za kazi, jioni, yeye katoka dukani, Fundi katoka kuoga na limau lake. Marashi aliushika mkono wa Fundi na kuunusa hadharani bila haya. Wenzake wa dukani aliwaambia kwamba mchumba wake ni mtu wa ngozi, na kichwani mwake aliona chumba kikubwa chenye meza za kioo, mikoba imepangwa, na Fundi amekaa anachora. Hakuuliza zaidi. Fundi naye alidhani mtu akisikia neno ngozi anajua inatoka kwa nani.

Jumamosi ile zamu ilikuwa ya Shemeji, na Shemeji alitaka mkanda wa suruali kwa bei ya kutupa.

"Nyuma ya reli kuna kiwanda cha ngozi," alitangaza. "Twende tukaone."

Hata hapo Bi Pua hakushtuka. Fundi alikuwa mtu wa meza za kioo.

Harufu iliwapokea kabla ya lango. Ilikuwa nzito, ina uchachu, ina uvundo wa kitu kilichokufa na mtu akasahau kukizika. Ndani ya ua kulikuwa na mahodhi yaliyojaa maji ya chokaa, na ndani ya maji ngozi mbichi zimeelea na manyoya yake, mengine yamenyofoka yakafanya utando juu. Pembeni kulikuwa na rundo la mafuta na vipande vya nyama vilivyoparuliwa, vinateleza, rangi ya manjano, nzi wamevifunika mpaka rundo likaonekana linapumua. Dada alifunika mdomo. Bi Pua aliibana leso puani kwa mikono miwili, na bado harufu ikapita, ikakaa kwenye ulimi.

Mtu mmoja alikuwa ameinama juu ya gogo, anaparua ngozi kwa kisu chenye mishikio miwili. Buti za mpira, aproni iliyotapakaa uteute, mikono mpaka viwikoni imelowa kitu kisichofaa kutajwa mezani. Akageuka. Uso ukamfunguka kwa furaha.

"Marashi!"

Baba akamtazama binti yake. "Unamjua huyu?"

Bi Pua alitamani ardhi ipasuke. Alimwona yule mtu, akaiona mikono ile, akakumbuka kwamba Jumatano tu alikuwa ameinusa.

"Simjui," akasema ndani ya leso. "Amenifananisha. Baba, tuondoke, mtu mwenyewe ananuka."

Fundi akasimama na kisu chake. Furaha ilimtoka usoni polepole, kama mtu aliyepewa kiti kisha akaambiwa si chake.

"Ni kweli, mzee," akamwambia Baba. "Nimemfananisha. Samahani, dada."

Na balaa ni kwamba aliwatembeza. Shemeji aliwatambulisha wote kama sheria inavyotaka, hata akasema, "Na huyu shemeji yangu, Bi Pua, msamehe, pua yake haina adabu." Fundi akajibu, "Nafurahi kumfahamu." Akawaonyesha mahodhi, akawaeleza jinsi chokaa inavyolegeza manyoya, akamchagulia Shemeji kipande kizuri cha mkanda. Muda wote alisimama upande ambao upepo hautampelekea Bi Pua harufu yake.

Jioni alipiga simu mpaka kidole kikamuuma. Mwishowe Fundi akapokea.

"Nilipokuambia natengeneza ngozi ulifikiri nini?" akaanza Fundi, bila hata kusalimia. "Kwamba ng'ombe anaivua mwenyewe, anaikunja, anatuletea?"

"Fundi, nisikilize. Ile harufu..."

"Harufu sina ugomvi nayo. Hata mimi inanichefua, miaka yote hii. Unadhani najisugua limau kwa kupenda? Ungetapika pale mbele yangu ningekuchotea maji. Lakini ulisema hunijui."

"Nilishtuka."

"Na uliniambia Jumamosi uko kazini. Kumbe unatembea na wazazi wako. Ni mimi uliyekuwa unawaficha, au ni wao uliokuwa unanificha?"

"Fundi, ngoja..."

"Mkono uliokuwa unaushika ni huu huu," Fundi akasema. "Hakuna mwingine. Usiku mwema, dada."

Dada! Neno hilo lilimuuma kuliko tusi.

Wiki nzima alijichukia. Dukani alifungua chupa hii na ile, na zote zikamnukia uongo: maua ambayo hayakuwahi kuwa maua, limau ambalo halikuwahi kuwa limau. Alijitazama kwenye kioo cha kaunta, uso umepakwa vizuri, mdomo mwekundu, akauona ule mdomo ukisema *simjui*. Akasikia kichefuchefu halisi, na safari hii hapakuwa na leso ya kumsaidia.

Mama alimfuata jikoni.

"Yule kijana alikuita Marashi."

"Alinifananisha, Mama."

"Mwanangu, mimi nimekuzaa, usinifanye mtoto. Mtu akimfananisha mtu, anamwita jina la watu. Hamwiti jina la mapenzi." Mama akaendelea kusuuza kikombe. "Kuna aliyenuka pale siku ile, lakini hakuwa yeye."

Bi Pua akalia palepale juu ya sinki, na ile sifongo aliyokuwa anaichukia ikiwa mbele ya macho yake.

Jumamosi ikafika, na zamu ikawa yake. Siku zote zamu yake ilikuwa moja: maduka makubwa yenye sakafu inayong'aa. Baba alikuwa ameshavaa viatu vya kupendeza.

"Tunakwenda kiwanda cha ngozi," akasema.

"Si tumetoka huko juzi?" Baba akashangaa. "Wewe mwenyewe ulitaka kufa!"

"Zamu ya nani, Baba?"

Baba akainama kufunga kamba za viatu. Sheria ni sheria.

Leso aliiacha nyumbani makusudi. Langoni alipiga moyo konde, akatangulia, na kila hatua ilikuwa kumeza mate. Wafanyakazi waliacha kazi zao kutazama. Fundi alikuwa palepale kwenye gogo lake, aproni ileile. Alimwona, akarudisha macho kwenye kisu.

"Habari za kazi," Bi Pua akasema kwa sauti ya kusikika ua mzima. "Leo zamu yangu, kwa hiyo mimi ndiye ninayetambulisha. Huyu ni baba yangu. Alikuwa mgawa barua, na Jumamosi anatuzungusha mitaani. Huwa namwonea aibu. Huyu mama yangu. Dada yangu, shemeji yangu." Akavuta pumzi, kosa kubwa, machozi yakamtoka. "Na ninyi wote, huyu anaitwa Fundi. Ndiye mchumba wangu. Namjua. Juzi nilisema simjui, na nilisema uongo."

Nzi tu ndio walioendelea na shughuli zao. Bi Pua alitaka kuongeza neno, neno zuri alilolifanyia mazoezi njia nzima. Badala yake akainama kando ya hodhi, akatapika chai yote ya asubuhi juu ya viatu vyake vyeupe.

Alipoinua kichwa, Fundi alikuwa amesimama mbele yake na ndoo ya maji safi na nusu ya limau.

"Nusa," akasema. "Kichefuchefu kitatulia."

Akanusa. Kikatulia kidogo.

"Umekuja mpaka huku kunitapikia?"

"Uliahidi kunichotea maji."

Fundi alijitahidi kubaki na hasira, ukaona kabisa anavyojitahidi, mpaka pembe ya mdomo ikamsaliti. "Bado nanuka, Marashi. Na kesho nitanuka."

"Najua. Unanichefua. Mfereji unanichefua, taulo zinanichefua, ndivyo nilivyo, sitabadilika. Lakini wewe sikuachi." Akaushika mkono wake, na uteute wake, na manyoya yaliyoganda juu yake. Mwili mzima ukamsisimka kwa kinyaa. Hakuuachia.

Kisha akamgeukia Baba. "Baba, nina ombi. Wiki ijayo nataka zamu iwe ya huyu."

Mama akashika kifua. Shemeji, aliyejua uzito wa maneno hayo kuliko mtu yeyote, akaanza kulia upya. Baba alimtazama Fundi toka buti mpaka kichwani, hakuharakisha.

"Kijana," akasema, "unajua mwenye zamu anapaswa kufanya nini?"

"Sijui, mzee."

"Anachagua pa kutupeleka. Pasiwe mbali na nyumbani."

Fundi akamtazama Marashi, uso umelowa, midomo imefutika rangi, viatu havitazamiki. Akaukaza ule mkono.

"Basi nitawapeleka kwetu," akasema. "Ni hapo ng'ambo ya reli. Mama yangu awaone."