Gita la Mkono wa Kushoto

Siku duka kubwa la simu lilipofunguliwa kwenye kona ya barabara kuu, watu walijaa kama waliosikia simu zinagawiwa bure. Wala hazikugawiwa. Kilichogawiwa ni maputo na kelele, na kelele zilikuwa za bendi ya watu wanne waliokodiwa kupiga mlangoni ili wapita njia wageuze shingo. Wa kwanza kugeuza shingo alikuwa fundi makabati. Alikuwa bado juu ya ngazi akikaza rafu ya mwisho, bisibisi mkononi, skrubu mbili mdomoni. Alipomwona mpiga gita, nusura azimeze.

Msimlaumu. Mpiga gita mwenyewe alikuwa binti mrefu, jinzi imepauka magotini, blauzi nyekundu ya mikono mifupi, nywele kazifunga juu kwa kitambaa cha njano kama mtu anayekwenda kudeki. Wenzake walimwita Umeme. Alipiga kwa mkono wa kushoto, na gita lilikuwa la watu wa mkono wa kulia, kwa hiyo alikuwa amelipindua. Vitufe vya sauti, ambavyo kwa wengine hukaa chini, kwake vilikuja juu, pale pale kiwiko kinapopita. Kila wimbo ulipomkolea, kiwiko kilikizungusha kitufe na sauti ikafifia. Umeme akaitazama spika kwa jicho kali. Akaipiga teke dogo la adabu. Sauti ikarudi, ikafifia tena.

Wimbo ulipokwisha fundi alishuka ngazi, akatoa skrubu mdomoni, angalau hilo alilikumbuka, akamwambia spika haina kosa lolote, mkosaji ni kiwiko.

"Wewe na kiwiko changu mmejuana lini?" Umeme akauliza.

"Leo. Lakini nimekitazama sana."

Kuna wanaume huchukua mwaka mzima kusema kidogo kuliko hicho. Umeme alicheka, akampa namba ya simu, na rafu ya mwisho ya duka lile mpaka leo imekaa upande.

Mchana Umeme alikuwa mpiga pasi katika duka la dobi, chumba kirefu chenye mvuke, mashati yamening'inia darini kama watu waliochoka kusubiri. Fundi alianza kuleta mashati yake. Alikuwa nayo machache, na hata mwezi haujaisha yalikuwa yamefuliwa mpaka kola zimelegea. Umeme alimwambia siku nyingine aje mikono mitupu tu, atapokewa vilevile, ayahurumie hayo mashati. Jioni simu zilikuwa moto. Alimwita "fundi wangu", yeye akaitwa "umeme wangu", na siku asipopokea simu alilaumiwa kwamba umeme umekatika na mteja hakupewa taarifa. Upuuzi mtupu. Ndio mapenzi yalivyo, na wewe unayesoma usijifanye hujui.

Sasa, gita lile lilikuwa la kaka yake. Kaka mtu alipata kazi mji wa mbali, na alikuwa anaondoka na gita lake Jumamosi ya mwisho ya mwezi uliofuata, Jumamosi ile ile ambayo Umeme alikuwa apige kwenye ukumbi mkubwa. Hiyo haikuwa kazi ya mlangoni kwa watu. Kwa mara ya kwanza angesimama mbele, nyimbo zikiwa zake mwenyewe, na kiongozi wa bendi alishasema kwamba asipokuwa na gita la kupigia, nafasi ya mbele itachukuliwa na kijana wa bendi nyingine, yule anayevaa miwani ya jua hata ndani ya nyumba.

Fundi aliposikia hivyo alisema neno moja tu: atalitengeneza yeye.

Hakuwahi kutengeneza gita maishani. Lakini kabati ni mbao na gundi, akajiambia, na gita ni mbao na gundi na nyuzi, kwa hiyo ni kabati linaloimba. Aliishi na shangazi yake katika nyumba ndogo. Chumba chake cha kulala kikageuka karakana, kitanda kikawa meza, na yeye akalala kwenye kochi miguu nje. Shangazi alilalamika kwamba unga wa mbao umeingia mpaka kwenye sukari. Halafu akawa wa kwanza kuchungulia kila asubuhi.

Na mbao zenyewe, jamani! Fundi alikuwa akizificha kwa miaka, mabaki ya kazi za watu wakubwa, akisubiri sababu. Kiwiliwili alikichonga kwa mkangazi mwekundu, uliokauka mpaka ukiugonga kwa kidole unaitika. Juu yake akabandika ubao mwembamba wa ng'ambo wenye michirizi myeusi na rangi ya asali, kama pundamilia aliyeingia kwenye mzinga. Shingo aliitoa kwenye sakafu iliyobomolewa ya uwanja wa mpira wa kikapu, ubao mweupe mgumu wa nchi za baridi, bado una mkwaruzo wa raba za watu. Na juu ya shingo, pale vidole vinapotembea, akaweka mpingo. Mpingo ulimvunjia misumeno, ukamchoma mikono, ukamtoa jasho la mwaka. Ulipokubali na kupigwa msasa ule laini wa mwisho, uling'aa kama maji usiku, na fundi akamwita shangazi aje aguse. Shangazi aligusa. Akasema hata yeye katika ujana wake hakuwa laini hivyo, na ujana wake ulikuwa na sifa.

Umeme alikatazwa kuona. Akija, analetewa chai sebuleni, ananusa gundi na vanishi, anaambiwa avumilie. Basi akawa anapiga simu kuuliza hali ya mtoto.

"Amelala," fundi anajibu. "Nimembana vibano kila upande."

"Usimbane sana. Anafanana na nani?"

"Na mama yake. Kiuno chembamba, kelele nyingi."

Jumatano ya wiki ile ya mwisho fundi akafungua mlango. Gita lilikuwa kitandani juu ya shuka jeupe la shangazi, na Umeme alipoliona aliziba mdomo kwa mikono yote miwili. Lilichongwa kwa ajili ya mkono wa kushoto kweli kweli: vitufe viko chini, mbali na kiwiko, pembe ya juu imeinama ikapata bega lake. Alikizunguka kitanda mara kadhaa kabla ya kuligusa. Halafu akakaa, akalipakata, fundi akachomeka waya kwenye spika ndogo, na Umeme akafumba macho apige wimbo wake anaoupenda kuliko zote.

Ikatoka sauti kama sahani zinaporomoka ngazini.

Akajaribu tena. Sahani, na safari hii na sufuria. Akafumbua macho.

"Nyuzi umezigeuza," akasema.

"Nimezinyoosha," fundi akajibu kwa furaha. "Nene juu, nyembamba chini, inavyotakiwa. Zile zako zilikuwa kichwa chini miguu juu."

Hapa niwaeleze wale msiojua. Gita la kawaida uzi mnene huwa juu, karibu na kidevu, na mwembamba kabisa chini. Ukilipindua, mwembamba unakuja juu. Umeme alijifunza kwa siri, kaka yake akiwa kazini, na hakuthubutu kuhamisha uzi hata mmoja asije akagundulika. Vidole vyake vilikulia kwenye mpangilio ule wa kupinduka. Nyimbo zake zote zilizaliwa humo. Fundi alikuwa ameuona mpangilio ule, akadhani ni shida za mtu wa gita la kuazima, akaamua kumwondolea shida. Kumuuliza hakukumbuka. Alitaka kumshangaza, na kumshangaza alimshangaza.

"Inavyotakiwa na nani?" Umeme akauliza.

Fundi angeweza kunyamaza. Akachagua neno baya kuliko yote yaliyokuwapo.

"Sasa utaweza kupiga sawasawa, mpenzi."

Sawasawa! Neno hilo Umeme alilijua vizuri. Ndilo alilopigiwa rula vidoleni darasa la kwanza ili ashike kalamu sawasawa. Ndilo aliloambiwa mezani kwao kila aliponyoosha mkono wake kwenye kijiko. Mwenye duka la dobi alilisema alipomwona na pasi. Bendi ya kwanza aliyoiomba kazi ilimwambia akajifunze sawasawa ndipo arudi.

"Gita ni zuri," akasema, na sauti ilikuwa imeshuka. "Ila si langu. Umemtengenezea mwanamke mwingine. Yule unayetaka niwe."

Alililaza juu ya shuka taratibu, kama mtoto kweli, akachukua mkoba akatoka. Fundi alibaki amesimama na mikono yake yenye vibanzi. Hata asante hakupewa. Naye akakasirika, kwa nini asikasirike, na hasira ya mtu aliyechoka ina sauti kubwa.

Alhamisi Umeme alipiga simu, ikaita ndani ya maranda huku fundi anaunguruma na mashine jikoni kwa mteja. Hakusikia. Umeme akahesabu kuwa amedharauliwa. Jioni fundi akapiga, Umeme akaitazama simu inavyocheza juu ya meza ya pasi mpaka ikanyamaza. Fundi naye akahesabu hivyo hivyo. Ijumaa hakuna aliyempigia mwenzake, na kila mmoja aliangalia simu yake mpaka chaji ikaisha.

Ni shangazi aliyeuliza swali. Alikuwa anachekecha sukari kutoa unga wa mbao.

"Jikoni kwa watu unapima mara mbili ndipo ukate. Huyu binti ulimpima lini?"

Fundi akasema alimtazama tangu siku ya kwanza.

"Najua ulimtazama," shangazi akasema. "Na ninajua ulikotazama. Nakuuliza kupima."

Fundi alikwenda akakaa kwenye kitanda chenye gita, na shangazi akaendelea kuchekecha.

Jumamosi asubuhi fundi aligonga kwa kina Umeme, gita limefungwa kwenye shuka, begi la vifaa begani. Kaka mtu alifungua, sanduku lake liko tayari mlangoni. Alimtazama fundi, akatazama shuka, akauliza kama ni maiti au ni posa. Halafu akampisha.

Umeme alikuwa sebuleni na gita la kaka yake, akilipiga mara ya mwisho bila spika. Hakuinua uso.

"Endelea," fundi akasema. "Nimekuja kuangalia mikono. Safari hii mikono tu."

Alipiga magoti sakafuni. Umeme alisita, halafu akapiga, kwanza kwa kiburi, baadaye akasahau kuwa ana kiburi. Fundi aliangalia uzi baada ya uzi.

"Huu mwembamba unauvuta kwenda chini."

"Kwa kidole hiki. Ukiwa kule chini ulikouweka wewe, nikiuvuta nauangusha nje ya shingo."

"Nilidhani unavumilia."

"Sivumilii, fundi. Ndivyo ninavyopiga."

Fundi akakaa juu ya visigino vyake. "Nilikurekebisha kabla sijakuuliza. Nisamehe."

Umeme naye akasema, polepole, kwamba alikosea kunyamaza. Alidhani mtu aliyekiona kiwiko chake siku ya kwanza ameshaona yote. Kaka mtu akakohoa, akakumbusha kwamba basi lake halisubiri maungamo.

Kazi ikaanza pale pale juu ya meza ya kulia chakula. Fundi alilegeza nyuzi zote, akang'oa kile kijiti cha mfupa kilichoko kichwani mwa shingo, chenye mifereji ambamo nyuzi hulala. Akachonga kipya, na kila mfereji kabla ya kuutia tupa alimwuliza Umeme. Hapa? Hapo. Zaidi? Kidogo. Hivi? Hivyo hivyo. Vumbi la mfupa lilimjaa nyusi, Umeme akampuliza, akapulizwa tena hata pale ambapo vumbi lilikuwa limekwisha. Nyuzi zikarudi, nyembamba juu, nene chini, na Umeme akachomeka waya.

Sikuweza kuipata lugha ya kuieleza sauti ile. Vikombe kabatini vililia. Mkangazi ulinguruma chini, mpingo ukatoa kelele safi juu, na vidole vya Umeme vikakimbia kama watoto wametoka shule. Kaka mtu alichelewa basi. Alipanda la pili, gita lake mgongoni, na anayemjua anasema hakulalamika.

Jioni ukumbi ulijaa mpaka watu wakasimama kwenye ngazi. Umeme alivaa gauni fupi jeusi na viatu vya njano, akasimama mbele, na yule kijana wa miwani ya jua alivua miwani ili aone vizuri. Wimbo wa tatu watu walikuwa wanaimba naye, na hawajawahi kuusikia. Shangazi alicheza katikati ya safu mbili za viti, akimwambia kila aliyempita kuwa lile gita lililalia shuka lake.

Mapumzikoni fundi alikwenda nyuma ya jukwaa. Umeme alikuwa anajifuta jasho, anacheka peke yake. Fundi alitoa mfukoni kipande cha uzi na penseli.

"Kuna kitu kingine nataka kutengeneza," akasema. "Cha mpingo, kidogo sana. Sitaki kukosea tena. Unakubali nikipime kidole? Na ni mkono gani?"

Umeme aliutazama ule uzi, akamtazama fundi, akanyoosha mkono wa kushoto.

Fundi alipima mara tatu, akapata vipimo vitatu tofauti. Jukwaani walishaanza kupiga makofi ya kumwita.

"Chukua cha katikati," Umeme akasema, akambusu juu ya nyusi, akakimbia.