Majani Aliyokula Kijivu

Jua lilikuwa linazama nilipotoka nyuma ya nyumba kuanua nguo za mwanangu mchanga. Ulikuwa wakati wa vita, na hapa Kisarawe mafuta ya taa yalikuwa adimu, kwa hiyo tulichelewa kuwasha taa. Niliporudi chumbani nikasikia kitu kikikwaruza.

Kwaru... kwaru...

Paka wangu, Kijivu, alikuwa chini ya kitanda, povu limemjaa mdomoni. Kando yake kopo la mmea limepinduka. Alikuwa ametafuna majani yote, limebaki moja.

Mmea ule aliniletea Bi Biubwa, jirani aliyehamia kutoka Gwata, mjane asiye na mtoto. Alisema niuweke karibu na kichwa cha mtoto, uvute hewa mbaya. Kisha akaniuliza jina la mwanangu. Kwetu jina halitajwi nje kabla ya akika, nalijua hilo vizuri. Lakini mdomo wangu huu! Nikalitaja.

Shangazi Mwamini, aliyekuwa akikaa nasi, alimkamata Kijivu, akamfuta mdomo kwa kitambaa chenye maji, akamtoa mabaki ya majani kwa kidole.

"Tumtapishe?" niliuliza.

"Thubutu! Sumu ikirudi itamuunguza koo mara ya pili. Chukua kipande hiki cha jani, kamuulize mwenyewe ni mti gani. Usioujua utautafutiaje dawa?"

Nikamtazama mwanangu kitandani. Kimya. Macho wazi. Nilimgusa, wa baridi.

Nilitoka mbio.

Nyumba ya Bi Biubwa ilikuwa giza. Ilinuka udongo uliotoka kuchimbwa.

"Hodi..."

"Karibu. Umekuja kuuliza jina."

Sikuwa nimesema lolote.

"Shikamoo, Bi Biubwa. Paka amekula ule mmea. Ni mti gani?"

"Marahaba. Jina si ulinipa mwenyewe?" alinong'ona. "Ni Mwishehe."

Mwishehe ni mwanangu.

"Nilikuwa nangoja uchanue, nije nimchukue," akasema. "Paka wako kaniwahi. Amebakiza?"

"Jani moja..."

"Basi hilo ndilo lako. Mengine yote ya mtoto anayo paka. Omba paka apone, mwanangu."

Nilirudi nalia njia nzima. Shangazi na mimi tulikesha tukimpa Kijivu maji kidogo kidogo, bila kumlazimisha. Alfajiri alipiga chafya, akasimama.

Kitandani, mwanangu akalia.

Asubuhi mlango wa Bi Biubwa ulikuwa wazi na ndani hamna mtu. Ukutani alikuwa ameacha makopo matupu, yamepangwa. Mengi.

Mwishehe mwaka huu ametoka jando. Anakula, anatembea, analima na baba yake. Lakini nikimwita, hageuki. Anayekuja mbio ni Kijivu. Lile jani nalimwagilia mpaka leo, wala halijawahi kupata mwenzake. Samaki wa kwanza jikoni ni wa Kijivu, na kitandani kwangu analala yeye. Majirani wanacheka, eti nimezeekea kwa paka. Wacheke.

Jana nilimkuta Kijivu anahangaika na kipande cha samaki, anakigeuza mdomoni, anakitema. Nikamfungua mdomo nitazame.

Meno yamemwisha.