Asilimia Mia na Mtihani wa Msingi

Kila asubuhi kabla ya kengele, Gorata alikaa kwenye ukuta mfupi wa shule yao ya sekondari pale mjini Mahalapye, akila magwinya, yale maandazi ya moto yaliyokaangwa na mama yake. Wenzake walimzunguka na madaftari.

"Asilimia Mia, hebu nisaidie namba nne!"

Walimwita hivyo kwa sababu tangu darasa la kwanza alikuwa hakosi swali la hisabati. Alijifanya jina hilo linamkera, kumbe lilimkolea hasa.

Mwaka huo wa mwisho, mitihani ya hisabati ilikuwa miwili: wa Msingi na wa Juu. Wa Msingi ulikuwa mwepesi, ila hata ukipata yote, gredi yako haivuki C. Anayetaka A lazima afanye wa Juu, na bila A, Gorata asingesomea ufamasia aliouota tangu utotoni.

Likaja jaribio la mtihani wa Juu. Gorata akapata hamsini na nane.

"Jamani, Asilimia Mia imeshuka bei!" mwanafunzi mwenzake Phenyo akapiga kelele, na darasa zima likaangua kicheko. Gorata naye alicheka, lakini masikio yalimwaka moto.

Fomu za kuchagua mtihani zilipogawiwa, akachagua Msingi. Mama yake alitia saini bila hata kuisoma, akiwa na unga mikononi. "Ukiridhika wewe, mwanangu, nami nimeridhika."

Mwalimu Modisane wa hisabati alipoiona fomu alivua miwani. "Wewe, Msingi? Unanitania?"

"Ni mama, Rra. Ameogopa nitafeli, akanikataza." Uongo ulimtoka kirahisi hata yeye mwenyewe akashtuka.

Ijumaa, siku ya mwisho ya kupokea fomu, mwalimu akamwita mama shuleni. Alikuja amevaa gauni lake la kanisani, shali imebanwa kwa pini begani. Meza yake ya magwinya pale stendi alikuwa ameifunga saa ambayo wateja ni wengi. Gorata alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Dumela, Mma," mwalimu alimsalimu. "Nimekuita kwa jambo moja. Mbona umemkataza Gorata kufanya mtihani wa Juu? Huku kwenye Msingi hapati zaidi ya C. Unamfungia mlango wa chuo kikuu!"

Mama akamgeukia binti yake, akamtazama kwa muda, na Gorata akajua kwamba mama ameelewa yote. Kisha mama akainamisha kichwa mbele ya mwalimu.

"Nisamehe, Rra. Sisi wa kukaanga unga mambo haya hatuyajui. Kosa ni langu."

Kuchekwa na darasa zima hakukumuuma Gorata hata robo ya kumwona mama yake akiomba radhi kwa kosa lisilo lake.

"Si yeye!" alisema huku akilia. "Mama hakunikataza, Rra. Nilidanganya. Niliogopa kuchekwa."

Mwalimu aliikunja ile fomu ya Msingi. "Zile mia zako zote, Gorata, hazijawahi kunionyesha nikufundishe nini. Hii hamsini na nane imenionyesha. Na bado kuna miezi mitano kabla ya mtihani."

Akatoa fomu mpya. Mama alichukua kalamu, lakini hakutia saini.

"Nisomee," alimwambia binti yake. "Yote. Leo nataka kujua ninakubali nini."

Gorata akasoma, sauti ikimkatikakatika, mpaka mstari wa mwisho: "Mimi, mzazi, nimeelewa na nimeridhia."

"Sasa nimeelewa," mama alisema, akatia saini polepole. "Kuchekwa kunapita, mwanangu. Ukipata hamsini, niletee hiyo hamsini, tutakaa nayo mezani. Ila usijifiche tena nyuma ya jina langu, maana hilo ndilo ninalotembea nalo."

Jumatatu, Phenyo aliuliza kwa dhihaka, "Hamsini na Nane, hujambo?"

"Sijambo," Gorata alijibu, akafungua daftari kwenye swali alilokosa.