Salamu za Fundi Siwema

Mwanamke asiyejulikana alisukuma mlango wa studio na kuingia, matangazo yakiwa hewani. Mtangazaji Halfani Nkungu hakuweza kumfukuza, kwani pimapigo lilikuwa likimnong'oneza.

Pimapigo ni mtambo wa mezani, mdogo kama sahani. Hupokea mapigo ya moyo ya kila msikilizaji kupitia kisikizi anachovaa sikioni, huyajumlisha, kisha humnong'oneza mtangazaji neno litakaloyapandisha. Asubuhi hiyo, mjini Singida na vitongoji vyake, mioyo laki nne ilikuwa ikidunda mbele ya Halfani. Zamani alijiandaa kwa kusoma. Siku hizi alijiandaa kwa chai ya tangawizi tu.

Aliweka wimbo, akageuka.

"Dada, huku huruhusiwi. Mlinzi yuko wapi?"

"Mlinzi wenu ni roboti, na betri yake niliitengeneza mimi. Amenipokea kwa jina." Mwanamke akavuta kiti. "Hata wewe unalijua, kaka. Ulilitaja Jumanne. Mimi ndiye Siwema Mghenyi, fundi wa mtambo wa kukamua maji hewani, mtaa wa Misuna."

Halfani alikumbuka. Jumanne alikuwa akizungumzia watoto wa Misuna walioharisha. Mapigo yaliposhuka, mtambo ulimnong'oneza jina, naye akalitamka papo hapo: "Mwulizeni fundi Siwema anatia nini kwenye maji yenu!" Mapigo yalipanda kuliko siku zote. Jioni alipongezwa.

"Daktari amekwishasema yalikuwa maziwa ya shuleni," Siwema alisema. "Lakini mtambo wangu majirani wameuvunja kwa mawe. Juzi nilipeleka kuni msibani, nikazikuta zimerudishwa mlangoni kwangu. Kuni za msiba, kaka! Hebu niambie, jina langu ulilitoa wapi?"

Halfani alibonyeza pimapigo lieleze. Maandishi yakatokea kwenye kioo, wakayasoma pamoja. Wahandisi walikuwa wameulisha mtambo kadi za salamu zilizosomwa redioni kwa miaka ishirini, ili ujue nani anafahamiana na nani. Hakuna mtu wa Misuna aliyewatumia watu wengi salamu kama Siwema. Jina lililojulikana na wengi ndilo lingewashtua wengi.

"Kumbe kosa langu ni kuwasalimu watu," Siwema alisema, akacheka kicheko kikavu.

Halfani alitazama chini.

Siwema alitoa kadi mfukoni. "Kesho usiombe radhi kwa mafumbo. Sema jina ulilitoa wapi, halafu unisomee hii. Unaahidi?"

"Naahidi, dada."

Mkurugenzi wa kituo, Bi Asteria, aliposikia ahadi hiyo alifunga mlango wa ofisi yake. "Halfani, watu wakijua jina hilo lilitoka wapi, watajiuliza na mengine yote yalitoka wapi. Ukithubutu, kibarua chako kimeota nyasi."

"Nimeshaahidi, Bi Asteria."

"Kwa fundi wa maji?"

"Kwa fundi wa maji."

Asubuhi iliyofuata Halfani alizima pimapigo. Ukimya sikioni ulimtisha. Ilikuwa miaka sita tangu alipotafuta maneno yake mwenyewe.

"Jumanne nilimsingizia mtu," alianza. "Nilikuwa simjui. Jina lake nilipewa na mashine, nami nikalisema bila kuuliza, kwa sababu mlipenda nikisema hivyo, na mimi nilipenda mnavyopenda. Fundi Siwema hakutia chochote kwenye maji. Nimeona aibu, na ninastahili kuiona."

Nyuma ya kioo cha studio, Bi Asteria alikuwa akimwonyesha kwa mkono aondoke. Halfani akafungua kadi.

"Siwema Mghenyi wa Misuna anamsalimu Mzee Igembe, aliyerusha jiwe la kwanza, pole na mguu. Anamsalimu Mama Tatu, aliyerudisha kuni. Pole tena kwa msiba..."

Yalikuwa majina kumi na mawili. Aliyasoma yote, taratibu, bila kuruka hata moja.